Programu ya Mtu Mmoja: Mwongozo Kamili wa Kupata Mahitaji ya Mtumiaji kwa Desturi za Kliniki

Naletewa kesi ile ile kila mara. Kijana ametengeneza programu ya kumsaidia mtu aliyepata kiharusi au kuumia kichwa. Ameijaribu na wenzake, inafanya kazi. Ameipeleka nyumbani kwa mgonjwa, familia imeshukuru. Baada ya wiki mbili simu iko juu ya kabati, chaji imekwisha, mgonjwa hajaigusa. Kijana anaongeza vitufe, anakuza maandishi, anairudisha. Inarudi kabatini.

Tatizo limeanzia mbali zaidi, kwenye mahitaji yenyewe, yaani orodha ya yale programu inayopaswa kumfanyia mtumiaji. Tumezoea kuwahoji watumiaji wengi na kuchukua yale wanayofanana. Kwa mtu aliyeumia ubongo, programu itatumika au haitatumika kutokana na yale yanayomtofautisha na wengine: upande gani hauoni, anasahau nini, anachoka saa ngapi, anatamani nini. Wataalamu wa utengamao, wale wanaomsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake, wanalijua hili. Humpima mtu mmoja, huweka naye lengo, hufanya kazi, humpima tena. Hatua zilizo hapa chini ni desturi hiyo hiyo, ila safari hii anayeishika ni mtu anayeandika programu.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: mzee wa Morogoro, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia wa ubongo. Mkono wa kushoto ni dhaifu. Maneno anayatamka sawasawa, ila anasahau, na kuanza jambo bila kukumbushwa kunamshinda. Baadhi ya mambo yake nimeyabadili ili asitambulike.

## Vitu vya kuandaa

- Mtaalamu wa utengamao anayemfahamu mgonjwa. Wa tiba kwa vitendo, anayemzoeza mgonjwa shughuli za kila siku, ndiye bora. Wa viungo au wa matamshi anafaa pia. Kama hujampata, usianze.
- Simu ya mgonjwa mwenyewe, ile anayoishika kila siku, na laini yake.
- Daftari moja kwa mtu huyo mmoja.
- Saa inayoonyesha sekunde.
- Karatasi nyeupe na makapeni, nyeusi na nyekundu.
- Fomu ya ridhaa kwa Kiswahili chepesi na maandishi makubwa.
- Nafasi ya ziara zisizopungua sita ndani ya wiki nane. Ukiwa na siku moja tu, ahirisha.

## Hatua ya 1: Omba ridhaa kwa mwenyewe

Taarifa za afya zinahesabiwa kuwa taarifa nyeti katika sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya mwaka 2019. Mwambie mgonjwa utaandika nini, utakihifadhi wapi, nani atakiona, na kwamba anaweza kusema basi wakati wowote bila kupoteza matibabu yake.

Kisha muombe akueleze kwa maneno yake alichoelewa. Usimuulize "umeelewa?", kwa sababu mzee mwenye adabu atakujibu "ndiyo" ili asikuvunje moyo. Akikosea, eleza upya kwa sentensi fupi zaidi.

Onyo: sahihi ya mtoto au mke haitoshi kama mgonjwa anaweza kuamua mwenyewe. Na kwa kuwa kumbukumbu yake ni dhaifu, ridhaa unaiomba upya kila ziara.

Utajua umefaulu akikutajia mambo mawili utakayoandika na namna ya kukusimamisha.

## Hatua ya 2: Msikilize kabla hujaitoa simu

Simu iache mfukoni. Ukiiweka mezani, mazungumzo yatakuwa ya simu, nawe umekuja kuzungumza maisha yake.

Tumia njia wanayoitumia wataalamu wa tiba kwa vitendo. Muulize siku yake ilivyo tangu anapoamka. Kila jambo analotaka kulifanya na halimwendei, liandike. Kisha ayapime mambo hayo kwa umuhimu, 1 hadi 10, na achague yasiyozidi matano. Kwa hayo matano akupe alama mbili: anayafanya vizuri kiasi gani sasa, na anaridhika kiasi gani. Alama hizo zitunze, utazihitaji mwishoni.

Kwa Mwalimu mazungumzo yalianza hivi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunifundisha simu?"

"Nimekuja kukusikiliza kwanza, Mwalimu."

Familia ilikuwa imeomba programu ya kumkumbusha dawa. Mwalimu hakuitaja hata mara moja. Alichokitaka, na akakipa 10, ni kuwapigia wajukuu wake wanne bila mkewe kumshikia simu. "Nikishikiwa simu, naongea kama mtoto," alisema.

Hapa ndipo kazi nyingi hufa. Mwaka 1993 watafiti Phillips na Zhao waliwahoji watu wazima 227 wenye ulemavu nchini Marekani, wakakuta asilimia 29.3 ya vifaa saidizi walivyokuwa navyo vilikuwa vimeachwa kabisa. Moja ya sababu kubwa ilikuwa kwamba maoni ya mtumiaji hayakuzingatiwa wakati wa kuchagua kifaa. Familia ina haki ya kusema, na dawa ni muhimu, lakini orodha ya familia iandike kwenye ukurasa wake. Usizichanganye.

## Hatua ya 3: Mpime kwa kumtazama akifanya

Mgonjwa anaweza kukuambia "naona vizuri" kwa dhati, na asione. Ubongo ulioumia mara nyingi haujui ulichopoteza. Kwa hiyo muombe afanye, nawe tazama.

Mtaalamu ndiye anayepima na kutafsiri. Wewe kaa pembeni, andika unachokiona bila kukipa jina la ugonjwa. "Alibonyeza kwa sekunde mbili, menyu ikafunguka" ni maandishi mazuri. "Ana tatizo la mkono" hayakusaidii kitu utakapoanza kuandika programu.

Tazama walau haya:

Macho na umakini wa pande mbili. Mtaalamu humpa karatasi yenye nyota nyingi zilizotawanyika, akamwambia azikate zote kwa kalamu. Mwalimu alizikata zote za kulia, akaweka kalamu chini, akasema amemaliza. Nusu nzima ya kushoto ilibaki kama ilivyo. Macho yake ni mazima. Ubongo ndio uliosahau kwamba kuna kushoto. Hali hii huwapata zaidi waliopigwa kiharusi upande wa kulia wa ubongo.

Karatasi ile ilitueleza jambo lililokuwa limeumiza nyumba nzima. Kabla ya hapo tulikuwa tumempa programu yenye picha nne za wajukuu, mbili juu na mbili chini. Mwalimu alikuwa akimwomba mkewe awapigie wawili tu, na wale wengine, pamoja na mama yao, walishaanza kuona babu anabagua. Tulimpa simu tena tukamuuliza, "Hapa pana nani?" Akataja wawili wa kulia. Tulipoisogeza simu upande wake wa kulia kabisa na kumwambia ageuze shingo kushoto, akawaona wawili waliobaki, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Hawa walikuwa hapa siku zote?"

Picha zile tulizipanga sisi. Tungefanya hatua hii mapema, watoto wale wasingeumia.

Kidole. Pima anabonyeza kwa muda gani na anakosea kwa umbali gani. Kidole kizito au kinachotetemeka hubaki kwenye kioo, simu ikadhani amekusudia kushikilia, na menyu asiyoitaka ikafunguka. Kwenye simu nyingi za Android unaweza kurefusha muda huo katika mipangilio ya ufikivu (Accessibility). Google inashauri kitufe kiwe na upana wa milimita 9 hivi. Kwa mkono wa namna hii anza na mara mbili ya hapo.

Kumbukumbu. Mpe maagizo ya hatua mbili, kisha tatu, kisha nne. Anapokwama ndipo kikomo cha hatua za programu yako.

Kuanza. Anaweza kufanya akiambiwa, lakini akiachwa anakaa tu? Huyo anahitaji kichocheo kinachomfuata alipo, kama kengele. Kitufe kizuri peke yake hakitamsaidia.

Uchovu. Rudia zoezi moja asubuhi na alasiri. Tofauti inaweza kuwa kubwa mno. Kikao kisizidi dakika 30, na akianza kusugua macho au kujibu kwa mkato, funga daftari.

Onyo: ukimwona amekata tamaa, hapati usingizi, hataki kula, au anasema maisha hayana maana, mwambie mtaalamu siku hiyo hiyo. Sonona (huzuni nzito isiyoisha) baada ya kiharusi ni ya kawaida na inatibika, na hakuna programu itakayofanya kazi juu yake.

Utajua umefaulu ukiwa na ukurasa wenye vitendo na namba, ambao mtaalamu akiusoma anakubali kwamba ndiye mgonjwa wake.

## Hatua ya 4: Pima nyumba

Hii ni fupi ila usiiruke. Simu inachajiwa wapi, na soketi iko upande gani wa kitanda? Nani hununua bando? Mtandao unashika chumba gani? Nani mwingine anaichukua simu? Kwa Mwalimu, mjukuu anayeishi hapo alikuwa akichezea michezo simu hiyo jioni nzima, na ikifika saa ya kupiga haina chaji. Hilo halitibiki kwa programu. Tulikaa na mama wa nyumba, mke wa Mwalimu, simu ikapewa mahali pake: mezani, kulia mwa kiti cha Mwalimu, waya umefungwa kwenye mguu wa meza.

## Hatua ya 5: Andika lengo lenye ngazi tano

Lengo lisilopimika litakufanya wewe useme programu imefaulu na familia iseme imeshindwa, na wote mwe na haki. Thomas Kiresuk na Robert Sherman walitoa dawa yake mwaka 1968, na kliniki zinaitumia hadi leo: kila lengo linaandikwa kwa ngazi tano, kutoka -2 hadi +2, kabla ya kazi kuanza. Sifuri ni matokeo mnayoyatarajia kwa akili timamu.

Lengo la Mwalimu: kuwapigia wajukuu mwenyewe, bila kushikiwa simu, kengele ya kumkumbusha ikiruhusiwa. Kwa wiki:

- -2: hapigi (hali ya sasa)
- -1: mara 1
- 0: mara 2
- +1: mara 3
- +2: mara 4 au zaidi

Angalia kwamba kinachopanda ni kitu kimoja tu, idadi ya simu. Kosa la kawaida ni kuchanganya: ngazi moja inahesabu simu, nyingine inahesabu msaada. Ukifanya hivyo utashindwa kumpa alama siku amepiga mara tatu lakini kwa kusaidiwa. Msaada ukitaka kuupima, uandikie lengo la pili.

Kukubaliana kuhusu sifuri ni mazungumzo, na yape muda. Mwalimu alitaka kupiga kila siku. Mtaalamu alijua hilo litamvunja moyo wiki ya kwanza. Walikutana kwenye mara mbili, Jumatano na Jumapili.

Utajua umefaulu ukimpa mtu asiyekuwepo karatasi hiyo na rekodi ya wiki moja, naye akatoa alama ile ile utakayotoa wewe.

## Hatua ya 6: Geuza lengo na vipimo kuwa mahitaji

Sasa ndipo unaandika mahitaji. Kila hitaji liwe na sehemu tatu: programu itafanya nini, kwa sababu ya kipimo gani, kwa ajili ya lengo gani. Ukikosa sehemu ya pili au ya tatu, lifute.

Haya ni ya Mwalimu, yote kwa ajili ya lengo lile moja la kuwapigia wajukuu:

1. Picha zikae safu moja, upande wa kulia wa kioo, mbili kwa ukurasa, *kwa sababu* hakukata nyota za kushoto.
2. Kugusa picha mara moja kunapiga simu moja kwa moja, *kwa sababu* alikwama kwenye maagizo ya hatua tatu.
3. Kengele ilie Jumatano na Jumapili saa 4 asubuhi, kwa sauti ya mjukuu ikisema "Babu, tunakusubiri", *kwa sababu* anafanya akichochewa, na asubuhi ana nguvu.
4. Ukurasa ubadilike wenyewe kila Jumapili jioni, *kwa sababu* wajukuu ni wanne na kusukuma kurasa kwa kidole kulimshinda.

Hitaji la kwanza lilileta ubishi mzuri. Mtaalamu alikuwa anamzoeza Mwalimu kutafuta kushoto, kwa kuweka mstari mwekundu ukingoni mwa ukurasa na kumwambia asianze kusoma mpaka auone. Ukimwekea kila kitu kulia, unarahisisha simu na kudhoofisha mazoezi. Ukimwekea kushoto, hapigi. Nani ana haki? Jibu linatoka kwenye lengo: kupiga kwanza. Kwa hiyo tuliandika hitaji la leo, na chini yake hitaji lililoahirishwa: *akifika 0 kwa wiki tatu mfululizo, mstari mwekundu uwekwe ukingo wa kushoto na safu isogezwe kuelekea kushoto kidogo kidogo.*

Ukurasa wa yaliyoahirishwa usiupoteze kamwe. Mahitaji ya mtu anayepona husogea, na ya mtu ambaye ugonjwa wake unaendelea pia husogea, kwa kurudi nyuma. Stephen Fickas wa Chuo Kikuu cha Oregon, aliyeandika mwaka 2005 kuhusu uhandisi wa mahitaji wa kikliniki, aliifikia njia hii kwa kutengeneza programu za barua pepe za watu walioumia ubongo akishirikiana na mtaalamu wa matatizo ya mawasiliano McKay Sohlberg. Walifanya kazi na mtu mmoja mmoja, kwa sababu programu iliyomfaa huyu ilimshinda yule.

Onyo: usimpe mtu wa namna hii programu iwe njia yake pekee ya kupata dawa au kuita msaada wa dharura. Kuwe na mtu na kuwe na programu.

Onyo la pili: kuna wagonjwa wanaopoteza upande wa kushoto wa kila kitu, hata kitu hicho kikiwa kulia. Kuhamisha picha hakutawatosha. Wataona nusu ya uso. Muulize mtaalamu kabla hujapanga.

## Hatua ya 7: Chukua kipimo cha mwanzo

Kabla ya kuweka programu, hesabu kwa wiki mbili anapiga mara ngapi kwa hali aliyonayo. Watu huiona hatua hii kuwa ya kupoteza muda. Lakini mtu aliyetoka hospitali juzi anaweza kuwa anapata nafuu mwenyewe, na bila kipimo hiki utajisifia nafuu isiyo yako.

Mwalimu: sifuri, sifuri.

## Hatua ya 8: Chora kwenye karatasi, kisha jenga

Chora kioo kwenye karatasi yenye ukubwa wa simu yake, bandika picha halisi, mpe aguse. Karatasi inabadilishwa palepale kwa makapeni. Alipogusa sawa mara tano kati ya tano ndipo tulipoandika programu.

Baada ya hapo, badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadili sauti ya kengele, ukubwa wa picha na saa kwa siku moja, mambo yakiharibika hutajua nini kimeharibu.

## Hatua ya 9: Fundisha bila kumwacha akosee

Kwa mtu mwenye kumbukumbu nzima, kukosea kunafundisha. Kwa aliyepoteza kumbukumbu ya matukio, kosa lenyewe linaweza kugeuka mazoea: hakumbuki kwamba alikosea, ila kidole kinakumbuka njia. Kwa hiyo usimwambie "jaribu kubahatisha".

Fanya hivi. Mwonyeshe. Afanye papo hapo. Zungumzeni jambo jingine kwa dakika 1, kisha muulize, "Ukisikia kengele unafanya nini?" naye afanye. Akipata, ngoja dakika 2, kisha 4, kisha 8. Akikwama, mpe jibu mara moja, afanye, urudi kwenye muda wa mwisho aliofaulu. Usimwache ahangaike.

Mfundishe mwuguzi wa nyumbani pia, yaani yule anayemhudumia mgonjwa kila siku, na kubwa la kumfundisha ni kukaa kimya. Mama wa nyumba alikuwa anainuka kengele ikilia tu. Tulikubaliana: Mwalimu akisikia, yeye ahesabu hadi ishirini moyoni kabla ya kusema neno. Jumatano ya kwanza alifika kumi na nne, Mwalimu akawa ameshagusa picha.

Utajua umefaulu akifanya sawa mwanzoni mwa ziara inayofuata, kabla hujamkumbusha chochote.

## Hatua ya 10: Fuatilia na urekebishe

Wiki ya kwanza mpigie mwuguzi wa nyumbani siku ya pili na ya tano. Baadaye mara moja kwa wiki inatosha. Kila ziara andika mistari minne: alichosema mgonjwa, nilichokiona, tunachofikiri, tutakachofanya. Programu iandike yenyewe saa ya kila simu iliyopigwa, basi. Usirekodi mazungumzo.

Alama ikishuka, fuata mpangilio huu kabla hujagusa programu: chaji, bando, simu ilipowekwa, afya ya mgonjwa, mtu aliyebadilika nyumbani. Wiki ya nne Mwalimu alishuka kutoka 0 hadi -2. Nilikuwa tayari nimefungua kompyuta. Kumbe kulikuwa na msiba, meza ilisogezwa kupisha wageni, na simu ikaishia upande wake wa kushoto. Ilikuwa inalia, anaisikia, haioni.

Kushuka kwa ghafla kunakoendana na kuchanganyikiwa, mkono kulegea zaidi au mdomo kwenda upande ni dharura. Hospitali, mara moja.

## Hatua ya 11: Amua kuendelea, kubadili au kuacha

Mwisho wa wiki ya nane kaeni watatu: mgonjwa, mtaalamu, wewe. Toa alama ya ngazi. Kisha muombe atoe upya zile alama za 1 hadi 10 za Hatua ya 2. Kupanda kwa pointi 2 au zaidi huhesabiwa kuwa badiliko lenye maana. Namba hizi mbili zinaweza kupingana: mtu amefika +1 na bado haridhiki. Hapo lengo halikuwa lake, rudi Hatua ya 2.

Akiamua kuacha, mwache kwa heshima, uondoe programu na ufute taarifa zake mbele yake. Akiendelea, andika ukurasa mmoja wa makabidhiano ubaki nyumbani: nani anachaji, nani ananunua bando, nani anaitwa programu ikikwama, hitaji gani lililoahirishwa linafuata.

Mwalimu alifunga wiki ya nane akiwa +1, na kuridhika kwake kulitoka 2 hadi 7. Wiki ya kumi na moja tuliweka mstari mwekundu ukingo wa kushoto na kusogeza safu ya picha kwa upana wa kidole kimoja. Mtaalamu alimpa tena karatasi ya nyota. Zilizobaki bila kukatwa zilikuwa sita, zote pembeni kabisa kushoto.